Komando anaruka kama sungura: apasuliwe nyonga au aachwe?

Shikamoo Daktari,

Naandika kutoka Sakina, Arusha. Nina mbwa dume, jamani shepadi, anaitwa Komando. Nilimnunua akiwa na wiki 8, kwa bei ambayo Mama Upendo mpaka leo sijamtajia yote. Sasa ametimiza miezi 11.

Alipofika miezi 6 nikaanza kuona kitu. Akikimbia, miguu ya nyuma inakwenda kwa pamoja, anaruka kama sungura. Watoto walimcheka, na mimi nikacheka nao. Ilipoingia baridi ya mwezi wa sita kicheko kikaisha. Asubuhi anainua mbele, anasubiri, ndipo anajikokota nyuma. Akishazunguka uani mara mbili tatu anachangamka. Pikapu aliyokuwa akiirukia sasa anaitazama tu. Juzi nilimshika kiunoni nimpandishe, akanigeukia na meno. Mimi, ninayemlisha!

Mtaalamu wa mifugo wa hapa mtaani alimchoma deksa, ile deksamethasoni ya kuzima uvimbe, mara 3. Kila sindano anakuwa mzima siku nne, tano, halafu yale yale. Wa pili alimpapasa akasema ni nyonga, na dawa yake ni kukata msuli mmoja wa ndani ya paja, kazi ya nusu saa. Mdogo wangu aliyeko Toronto anasema huko mbwa anawekewa nyonga ya bandia, naye yuko tayari kuchanga. Shemeji yangu ana lake: mbwa asiyeweza kukimbiza mwizi ni mdomo wa kulisha tu, apigwe sindano ya mwisho yaishe.

Malezi yake ni haya. Anakula ugali wa dona na dagaa, damu ya machinjioni, na maziwa. Aliyeniuzia aliniambia nimpe unga wa mifupa kijiko kikubwa kila siku ili mifupa ikomae haraka, nami sijawahi kukosa hata siku moja. Mchana anafungwa bandani, chini ni saruji, usiku anaachiwa. Tulimpima kwenye mizani ya mahindi, kilo 43. Siku akizidiwa nampa diklofenaki yangu ya mgongo, nusu kidonge.

Je, apasuliwe? Na ni upasuaji upi? Halafu kuna bwana mmoja wa Njiro ana jike la aina hiyo hiyo, anataka tuwapandishe mwakani, malipo yangu mtoto mmoja. Nikubali kabla Komando hajaharibika zaidi?

Baba Upendo, Arusha

*

Marahaba, Baba Upendo.

Tuanze na hiyo diklofenaki, maana nyonga inaweza kusubiri wiki na figo haziwezi. Nusu kidonge chako ni hatari kwa mbwa. Kinatoboa tumbo na kinaua figo, na mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa mpaka siku anapotapika damu. Ibuprofeni ni hivyo hivyo, na Panadol ina balaa lake la ini. Kibaya zaidi ni kwamba umeichanganya na deksa, na dawa hizi mbili zikikutana tumboni mwa mbwa zinasaidiana kutoboa. Acha leo. Kama kinyesi chake ni cheusi kama lami, au anatapika, au hataki kula, usimalize kusoma. Mpeleke kwa daktari kwanza. Na daktari yeyote atakayemwona mtajie tarehe ya sindano ya mwisho ya deksa, kwa sababu dawa halali za maumivu ya mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, hazianzishwi juu ya deksa bila kupisha siku kadhaa.

Deksa yenyewe haikuwa uongo. Inazima uvimbe, ndiyo maana alikuwa mzima siku nne. Ila kiungo kilibaki vile vile kilivyokuwa.

Sasa nyonga. Unavyoeleza, kuruka kisungura tangu miezi 6, kuamka kwa shida na kuchangamka akishapata joto, uzao wenyewe, vyote vinaelekeza kwenye displasia ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni kama mpira, nacho kinakaa ndani ya kikombe kwenye fupanyonga. Kwa mbwa wa ukoo huu mtoto anazaliwa na nyonga zinazoonekana sawa, kisha miezi ya mwanzo kiungo kinalegea. Mpira unacheza ndani ya kikombe, unagonga ukingo, kikombe kinakuwa kifupi kama sahani, gegedu linalika, na baadaye yabisi inaingia. Mbegu ya ugonjwa inatoka kwa baba na mama. Uzito na chakula ndivyo vinavyousukuma.

Hapo ndipo unga wa mifupa unapoingia. Aliyekuuzia alikushauri kama ninavyosikia wafugaji wengi wakishauriana, na kwa mbwa wa uzao mkubwa ni kinyume kabisa. Mtoto wa mbwa hana uwezo mzuri wa kukataa madini yaliyozidi. Ukimjaza kalisi anaipokea, na mifupa inakua vibaya. Mbwa mkubwa anatakiwa akue polepole. Acha kijiko hicho. Maziwa pia ni ya watoto wako.

Lakini mimi nimesoma barua, sijamshika mbwa, na aliyempapasa akasema nyonga hakupiga picha. Kabla ya kisu lazima ijulikane kinachouma ni nini hasa. Nimeshaona mbwa wa nyonga ambaye tatizo lilikuwa goti, ile kano ya katikati imekatika. Nyonga zake kwenye picha zilikuwa mbaya pia, ila hazikuwa ndizo zilizomlaza. Na kwetu huku kuna homa ya kupe, ile ya vijidudu vya Ehrlichia, inayoletwa na kupe wa kahawia anayejificha kwenye nyufa za banda. Inaweza kuvimbisha viungo mbwa akachechemea leo mguu huu, kesho ule. Inapunguza pia chembe za kugandisha damu. Mbwa wa namna hiyo ukimpasua bila kupima damu, anaweza kukuvujia mezani. Kwa hiyo kipimo cha damu kinatangulia, na banda lipigwe dawa ya kupe.

Picha ya eksirei ya nyonga inapigwa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, chali, miguu ya nyuma imenyooshwa sawasawa. Ukiambiwa atashikwa tu na watu wawili wenye nguvu, ondoka. Picha iliyopinda inadanganya, na kwa nyonga inayouma huo ni ukatili. Akiwa amelala, daktari asukume paja kurudi kwenye nyonga kisha alitanue taratibu, asikilize kama mpira unaingia kikombeni kwa mshindo. Mama Upendo huenda amekiona kipimo cha aina hiyo kliniki, wauguzi wakitanua mapaja ya watoto wachanga. Kinaitwa kwa jina la Marino Ortolani, daktari wa watoto wa Italia, na sisi wa wanyama tuliazima.

Basi tuseme picha imethibitisha. Upasuaji wa nyonga unakwenda na umri, na wengi wananiletea mbwa milango mingine ikiwa imeshafungwa.

Mlango wa kwanza unafungwa mapema mno: wiki 12 hadi takriban 20. Daktari anachoma kwa umeme sehemu inayokua pale mifupa miwili ya kinena inapokutana. Chini kunasimama kukua, juu kunaendelea, na vikombe vinageuka vyenyewe kufunika vichwa vya mapaja. Upasuaji mdogo, mzuri, na karibu hakuna anayeuomba, kwa sababu katika umri huo mbwa anacheza na hachechemei. Komando alipita hapo hata kuruka kisungura hajaanza.

Wa pili ni wa miezi 5 hadi 10 hivi. Fupanyonga linakatwa sehemu mbili au tatu, kikombe kinazungushwa kifunike mpira, kisha linafungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Sharti lake ni gegedu liwe bado zima na yabisi isiwe imeingia. Mbwa wako ana miezi 11, kilo 43, na amegongagonga ukingo kwa miezi mitano. Muulize daktari akiwa na picha mkononi, lakini nitashangaa akikubali.

Nyonga ya bandia anayoisema mdogo wako ipo kweli, na ndicho kinachorudisha mguu karibu na ule wa kuzaliwa. Kikombe kinawekwa cha plastiki ngumu, kichwa na shina vya chuma, ama kwa saruji maalumu ya mifupa au bila saruji mfupa ukaotea chumani. Anafanyiwa mbwa aliyemaliza kukua, na wengi wanatengenezwa upande mmoja tu, ule mbaya zaidi, nao unawatosha. Gharama ni maelfu ya dola kwa nyonga moja. Wanaofanya ni mabingwa wenye vifaa vyake kamili, na likiharibika jambo, nyonga ikichomoka, paja likivunjika, au vijidudu vikikaa kwenye chuma, unamhitaji bingwa yule yule haraka. Wewe uko Sakina. Tena baada ya upasuaji kunatakiwa wiki nyingi za mbwa kufungiwa chumba kidogo, bila kuruka, bila kuteleza, bila kukimbilia geti. Jina lake ni Komando. Fedha ya Toronto tutaitafutia kazi nyingine.

Unaobaki, na ambao daktari mzuri wa hapa Afrika Mashariki anaweza kuufanya, ni kukata kichwa cha mfupa wa paja pamoja na shingo yake na kukitoa kabisa. Najua unasikikaje. Mtu anauliza: sasa mguu utashikwa na nini? Unashikwa na misuli. Mifupa inaacha kusagana, na kovu gumu linajijenga katikati likawa kiungo cha bandia kilichotengenezwa na mwili wenyewe. Mguu unaweza kufupika kidogo na mwendo usiwe kamili, ila yale maumivu ya mfupa kusaga mfupa yanaondoka. Mbwa wa kilo 10 anapona vizuri sana, mpaka unasahau. Wa kilo 30 anaweza kupona vizuri pia, akiwa mwembamba mwenye misuli. Wa kilo 43 mwenye mapaja yaliyokonda kwa kufungwa mchana kutwa, mimi nisingempasua wiki ijayo hata ungeniletea fedha taslimu.

Kuhusu kukata msuli wa ndani ya paja: huo ni upasuaji wa zamani. Unalegeza mvuto, mbwa anapata nafuu kwa muda, bwana anasifiwa, na kiungo kinaendelea kuharibika vile vile. Usiuchanganye na ule wa kukwangua vineva vidogo vinavyozunguka nyonga ili kupunguza maumivu. Huo una watetezi wake na haufungi njia ya upasuaji mwingine baadaye, ingawa nao haunyooshi nyonga.

Sasa jambo ambalo huenda hujaambiwa na yeyote kati ya hao. Maumivu ya mbwa mchanga si yale ya mbwa mzee. Kwa Komando, sehemu kubwa ni ngozi ya kiungo, yaani mfuko unaokizunguka, inavyovutwa na ukingo wa kikombe unavyopata nyufa ndogondogo. Mwili ukikomaa, kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, ngozi ile inanenepa, kiungo kinakazana, na mbwa wengi wanapata nafuu kubwa bila kukatwa chochote, japo yabisi itawatembelea uzeeni. Kwa hiyo ukimpasua leo unaweza kuwa umekata nyonga ya mbwa aliyekuwa mbioni kupata nafuu. Ningekuwa mimi, nisingepasua sasa. Ningejipa miezi mitatu ya kazi ya kweli, na kazi hiyo hiyo ndiyo maandalizi ya upasuaji ikibidi.

Kazi ya kwanza ni uzito, na hapa sitakuonea haya. Kilo 43 kwa jamani shepadi wa miezi 11 ni nyingi mno. Dume mzima wa uzao huo kwa kawaida yuko kati ya 30 na 40. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu unatakiwa kuzigusa bila kubonyeza. Marekani walifanya utafiti wa labrado 48, ndugu wa tumbo moja wakiwekwa wawili wawili, mmoja akila robo pungufu ya mwenzake maisha yake yote. Waliopunguziwa waliishi kwa wastani karibu miaka miwili zaidi, miaka 13 dhidi ya 11.2, na yabisi ya nyonga iliwachelewa sana. Hakuna kisu kilichotumika hapo, ni kibaba tu. Punguza ugali, ongeza dagaa na mboga, mpime kila Jumamosi kwenye mizani ile ile ya mahindi. Lenga kilo 34.

Kazi ya pili ni kumfungua. Mbwa aliyelala kwenye saruji ya baridi mchana kutwa kisha akafyatuka usiku kukimbiza paka anafanya kinyume cha kila ninachotaka. Mwekee godoro kuukuu au gunia lililojazwa nyasi kavu. Mtembeze kwa kamba dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, kwenye udongo au nyasi, mwendo wa polepole ili aweke kila mguu chini kwa zamu yake. Akizoea, mpandishe kilima kidogo. Arusha vilima havinunuliwi. Mpira, ngazi na pikapu apumzike navyo. Na dawa ya maumivu ya mbwa, kwa kipimo cha daktari, itumike mwanzoni ili aweze kutembea, maana mbwa anayeumwa hajengi misuli.

Mwezi wa tatu ukiisha na bado anaamka akilia, akiwa na kilo 34 na dawa sahihi, hapo tupasue, na hutajuta. Upande mbaya zaidi kwanza. Wa pili usubiri mpaka wa kwanza ubebe uzito, wiki kadhaa, na mara nyingi hautahitajika.

Daktari utakayempata muulize bila aibu: umefanya nyonga ngapi? Una msumeno na kifaa cha kulainisha mfupa, au patasi tu? Utampa nini cha maumivu akiwa bado usingizini? Utapiga picha baada ya kukata, tuone hakuna kipande cha shingo kilichobaki? Kipande hicho ndicho kinachoendelea kusaga na kumfanya mwenye mbwa aseme upasuaji haufai. Daktari mzuri atafurahi kuulizwa, na asiyefurahi amekujibu pia. Ukihitaji mahali pa kuanzia, Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine, Morogoro, kina hospitali ya wanyama ya kufundishia, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo Kabete. Kwako Nairobi ni karibu zaidi, ila kupita Namanga na mbwa kunataka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na vibali vya mifugo. Usifike mpakani ndipo uanze kuulizia.

Halafu kuna sehemu inayowashinda watu. Tumezoea kwamba mfupa ukishakatwa, mgonjwa alale. Kwa nyonga iliyotolewa kichwa, kulala ndiko kunakoharibu. Kovu likijijenga mguu umetulia, mguu unakaza na mbwa anaubeba juu maisha yake yote. Siku za kwanza unamkunja na kumnyoosha mguu taratibu akiwa amelala ubavu, mara kadhaa kwa siku, dawa ya maumivu ikiwa imeshafanya kazi. Ndani ya wiki moja au mbili unataka kuona vidole vinagusa chini. Mshono ukipona, kama kuna bwawa safi, kuogelea ni dawa nzuri kuliko nyingi za dukani. Matembezi ya kamba yanaendelea miezi, na mwendo unaweza kuendelea kutengemaa hata nusu mwaka. Kwa hiyo kabla hujaweka tarehe, amua nani nyumbani atafanya hiyo kazi saa 12 asubuhi. Upendo ana umri gani? Watoto wanaweza hili vizuri kuliko baba zao.

Fedha ya Toronto basi iende hapo: picha, damu, dawa za mbwa, na upasuaji ukifika. Mwambie mdogo wako amesaidia sana, asisikitike kwa kukosa chuma.

Shemeji yako mwambie hivi: wezi hawajui nyonga ya mbwa. Wanajua sauti yake, na sauti ya Komando haijaguswa.

Bwana wa Njiro mwambie hapana, na mweleze sababu. Huyu mtoto mmoja utakayelipwa atakuwa na nusu ya alichonacho Komando, wenzake saba watasambaa Arusha nzima, na kila mmoja atamkuta Baba Upendo wake. Umpigie pia aliyekuuzia, umwambie baba na mama wa Komando wapigwe picha kabla ya uzao mwingine. Pengine hajui.

Picha ikitoka niandikie: uzito wa siku hiyo, majibu ya damu, na anavyoamka asubuhi. Na siku ya kumpeleka usimnyanyue kiunoni. Pitisha taulo chini ya tumbo, mbele ya mapaja, umsaidie kupanda pikapu nayo.